Eda Mbili za Lugembe

"Swaumu, hivi hii eda uliyotoka juzi ulikuwa unamkalia nani?"

Aliyeniuliza ni jirani yangu mpya, Leonia.

"Lugembe."

"Na ile ya mwaka sabini na tisa?"

"Lugembe huyo huyo."

Leonia akaweka ungo chini. "Mtu anakufa mara ngapi?"

Sogeeni niwaambie, maana nilimwambia yeye akakataa kula mchana mzima.

Lugembe tulisoma naye shule ya Lusu, dawati moja. Akanioa, tukahamia Ntalikwa, huku Tabora. Vita ya Kagera ilipoanza, akaitwa pamoja na mgambo wenzake.

Desemba akaja balozi wetu wa nyumba kumi, Nassibu, kofia mkononi.

"Dada, barua ya jeshi imefika. Lugembe hatunaye."

Nililia mpaka sauti ikakauka. Nikakaa eda, miezi minne na siku kumi. Darasa la saba nimemaliza, lakini barua sikuiomba.

Nassibu naye hakuisha kuleta sabuni na chumvi, enzi hizo vitu vya kupangia foleni. Shangazi yake akanidokeza: "Ukitoka tu, anakuja na posa." Nikawa natazama tu.

Zikabaki siku mbili. Adhuhuri, niko na tasbihi, mlango ukagongwa.

"Hodi!" Sauti ya kiume, imekwaruza.

"Kaka, niko edani, sipokei wanaume. Nenda kwa balozi."

"Eda ya nani?"

"Ya mume wangu, Lugembe."

Akagonga tena kwa nguvu. "We mwanamke, fungua! Lugembe ndiye mimi."

Nikasoma Ayatul Kursi yote. Bado yupo! Jini gani huyu?

"Kama ni Lugembe, mwalimu wa hesabu alikuchapa kwa nini?"

"Kwa ajili yako! Ulichungulia daftari langu, ukasema mimi ndiye niliyechungulia lako!"

Nikafungua.

Jamani, ndevu na mifupa. Alikamatwa akafungwa Uganda, akilishwa ndizi za kuchemsha asubuhi na jioni, hadi walinzi walipokimbia wakaacha milango wazi. Akafika Mwanza, akadandia treni mpaka Tabora.

"Kaa ndani," nikamwambia. "Keshokutwa tuna mgeni."

Keshokutwa yake Nassibu huyo, kanzu mpya, na mjomba wake kabeba sinia la posa. Mkoba wa ubalozi uko begani mwa Nassibu kama kawaida.

"Kwanza ile barua," nikasema. "Niisome."

"Ya nini tena, dada? Tusitoneshe kidonda."

Mjomba akakunja uso. "Mpe. Si amesoma?"

Nassibu akatafuta muda mrefu mkobani barua aliyojua ilipo. Nikaisoma kwa sauti: "Hajulikani alipo. Familia itaarifiwa."

Neno kufa halimo.

Pazia likafunguka. Lugembe akatoka na birika.

"Karibu kahawa, balozi. Ndizi sina."

Lugembe alishona viatu pale Kitete miaka thelathini na mitano, na ndizi hakuigusa tena. Safari hii kaondoka kweli. Nilimtamkisha shahada mwenyewe, nikamfumba macho mwenyewe. Eda hii nimeikaa bila kuuliza mtu.

Wanawake wenzangu, ukiletewa barua yako, isome wewe. Hata kama machozi yanakuziba macho, isome. Mungu hakukupa shule upambie ukuta.

Na Nassibu? Mjomba alimuuliza, "Mwanangu, umenileta kuposa mke wa mtu?"

Nassibu akavaa kofia, akapita katikati yetu na kutoka, sinia akaliacha pale pale.