Spika za Nyuma

Fundi anafunga redio mpya kwenye gari langu. Waya mmoja umeungua, na harufu yake imenirudisha kwenye kiti cha nyuma cha gari la baba.

Tulikuwa tunatoka Kilosa kwenda Mikumi. Baba alikuwa amefunga spika kubwa nyuma ya vichwa vyetu, na besi ilitutetemesha hadi meno. Yeye na mama walikuwa wakiongea huko mbele. Mimi na dada yangu hatukuwasikia; tuliona tu shingo ya mama ikikakamaa.

Mara harufu hii hii ikajaa garini, muziki ukakatika, na sauti ya mama ikabaki juu peke yake, ilivyozoea kushindana na spika:

"...na watoto ubaki nao."

Hakugeuka. Baba akasimamisha gari, akaizungushia fyuzi iliyoungua karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara.

"Mama, unaenda wapi?" dada yangu akauliza.

Muziki ukarudi kabla hajajibiwa.

"Spika za nyuma niweke ndogo tu?" fundi ananiuliza sasa.

"Weka kubwa," ninamwambia. "Huko ndiko wanakokaa watoto."