Mwendo wa Mwezi Sebuleni Kwetu

Niseme wazi: niliuonea wivu mwezi. Mwanamke mzima, mwalimu wa Kiswahili, mama wa watoto watatu hapa mtaa wa Galbet, Garissa, nimenuna kwa sababu ya kitu kilicho angani.

Mume wangu hufundisha fizikia. Mwaka jana alikata nusu duara ya plaiwudi, akaichora nyuzi kama za kipimapembe cha wanafunzi, akaipachika vijiti viwili vya kulengea. Kimoja kinaelekezwa kwenye jua, kwa kufuata kivuli, kingine kwenye mwezi, kisha anasoma pembe iliyo katikati. Kesho yake tena. Nyumba za jirani zilimzibia anga, basi akawa anaenda uwanja wa wazi nje ya mtaa baada ya swala ya alasiri. Mwezi ukishapevuka, anaenda asubuhi kabla ya shule.

Tofauti ya pembe ya jana na ya leo ndiyo mwendo wa mwezi kwa siku hiyo. Alichora grafu kwenye karatasi kubwa akaibandika sebuleni, juu ya kochi nililonunua mimi. Nilitarajia mstari ulionyooka. Kumbe ulipanda, ukashuka, ukapanda tena, kama migongo ya ngamia wanaofuatana.

"Ukiwa karibu na dunia unakimbia," alinieleza, macho yakimng'aa. "Ukiwa mbali unajikokota."

"Huo una nafuu," nikamjibu. "Wewe ukikaribia nyumbani ndipo unapojikokota."

Alicheka, mimi sikucheka. Sauti ile laini niliijua, ndiyo aliyonibembelezea tulipokuwa wachumba. Sasa anaimaliza kwa jiwe lisilo na masikio! Tena alikuwa mwaminifu kwake. Kila mwisho wa mwezi mwandamo aliacha nafasi tupu kwenye grafu. Siku hizo, alisema, mwezi unazama pamoja na jua au hata kabla yake, hauonekani, naye hawezi kubuni alama.

Halafu dada yangu akaja, hata chai hakungoja.

"Abaayo, dada yangu, umelala? Bwanako anatafuta mke wa pili. Wallahi nimemwona kwa yule mjane anayeuza mashuka sokoni."

Nilimkatiza. Nikamwonyesha grafu, nikamweleza habari za nyuzi na vijiti kama vile nilizigundua mimi. Alinitazama kwa huruma, na huruma ile iliniudhi kuliko maneno yake. Alipoenda zake, nikauona mwezi kwa jicho jingine. Afadhali huyu mke mwenza, nilijiambia, hataingia jikoni mwangu wala hatazaa. Hata hivyo roho haikutulia. Kila mume wangu alipotoka na ubao wake nilisimama mlangoni nikaangalia juu. Mwezi ukiwapo, nilipumua, nikarudi kwenye kazi zangu.

Shaaban ikafika ukingoni. Siku hizo Garissa hakuna asiyejua mwezi umefika wapi. Maduka yamejaa tende, watoto wa madrasa wanabishana kama kufunga ni kesho kutwa au mtondo, na wanawake tunasaga viungo vya sambusa. Mimi nilikuwa na kinu mapajani alasiri hiyo mume wangu alipotokea chumbani. Kanzu imepigwa pasi. Uturi ulinifikia kabla yake. Ubao aliubana kwapani kama kawaida.

"Unaenda wapi?"

"Kupima."

"Kupima nini?"

"Mwezi, mama. Kwani nini?"

Sikuhitaji kwenda mlangoni kuangalia juu.

"Leo ni ishirini na nane Shaaban," nikasema.

Aligeuza uso kwenye grafu. Nafasi zake tupu zilikuwa pale, alizoziacha mwenyewe, nadhifu, kila mwisho wa mwezi. Nilimwona akizisoma. Wivu ulinijaa, na safari hii haukuwa wa kitu cha angani.

Aliuegemeza ubao ukutani, taratibu, vijiti visivunjike. Akavaa viatu, akatoka bila huo ubao.