Chupa Chini ya Blanketi

Mimi niliyeendesha lori la askari katika misitu ya Kenya, risasi zikipasua kioo mbele ya uso wangu, nilisema duniani hakuna tena cha kunishangaza. Nilirudi Iringa bila cheti chochote, nikanunua lori langu mwenyewe. Wenye vyeti walinisalimia kwanza.

Siku hiyo nilikuwa Kihesa napakia viazi, nikitaniana na wapagazi, mama akaja mbio. Mdogo wangu Lameki, tuliyekuwa naye vitani, jeraha lake la risasi pajani lilikuwa limefumuka.

Hospitali walinitoa damu chupa nzima, wakaiweka kwenye friji.

"Damu yako imezoea kelele, kaka," Lameki alisema. "Kesho nitaamka napiga honi."

Asubuhi nesi aliiweka chupa mezani kando ya kitanda, mara akaitwa chumba cha upasuaji. Alirudi mchana, akamtundikia kwa haraka.

Muda si mrefu Lameki akaanza kutetemeka, kitanda kikalia.

Nesi akaufunga mpira wa damu, akauchomoa. Chupa hakuitupa. Aliipapasa.

"Mbona ina joto? Nani ameigusa?"

"Mimi, mwanangu," mama alisema. "Ilikuwa baridi kama maji ya mtoni. Kwetu mgonjwa hapewi kitu cha baridi. Nimeipasha tumboni kwangu, chini ya blanketi, tangu ulipotoka mpaka uliporudi."

Nesi alinivuta barazani.

"Kaka, damu ikikaa kwenye joto, vijidudu huzaliana humo. Chupa naipeleka ikapimwe. Daktari anakuja kumchoma penisilini."

"Nitanunua sanduku zima. Lori ninalo."

"Dawa ipo, kaka. Tunasubiri tu."

Kule msituni angalau nilikuwa na usukani mkononi. Hapa nilishika mguu wa mdogo wangu. Ulikuwa wa moto.

Ukapoa.

Akafa kabla jua halijazama.

Mama aliniuliza polepole, "Au sikuipasha vya kutosha?"

Nesi alikuwa amesimama pale. Akainamisha kichwa.

"Ni jeraha la vita, mama," nilisema.

Alikubali, na mpaka anakufa hivyo ndivyo alivyowaeleza watu. Mimi nimeyabeba ya kweli peke yangu, na si mepesi.

Tulimzika kwetu Igowole. Mbao za jeneza, seremala na mafuta ya lori: shilingi themanini na saba na senti hamsini.