Mkate Uliooshwa

Walioutambua ugonjwa wa baba kwanza walikuwa sisimizi. Tuliishi kwenye landi za reli hapa Nakuru, nyumba za wafanyakazi, chumba kimoja na jiko dogo nyuma, na choo kilikuwa mbali, cha kutumiwa na nyumba kumi. Baba alikuwa ameanza kwenda haja ndogo kila mara, na kwa sababu alichoka haraka siku hizo, akawa anajisaidia pale nyuma karibu na senyenge. Asubuhi moja mama alienda kumwaga maji ya vyombo akakuta sisimizi wamejaa mahali pale, weusi tititi, kama vile mtu amemwaga chai ya sukari. Aliingia ndani akamwambia, "Baba watoto, leo huendi kazini. Tunaenda hospitali."

Nilikuwa darasa la sita. Baba alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma kwenye karakana ya reli. Alitoka Magharibi akiwa kijana, akaja kutafuta kazi, na hakuwahi kurudi nyumbani ila kwa mazishi. Alikuwa mtu mkubwa, mabega mapana, sauti nzito. Mimi aliniita "mama" kwa sababu nilipewa jina la mamake, na aliponiita hivyo alikuwa hanitanii. Alinisalimia kwa heshima, na mimi nikamheshimu zaidi kwa ajili hiyo.

Kitu alichopenda kuliko vyote ni skonzi za mama. Kabla ya uhuru mama alikuwa amefanya kazi jikoni kwa mzungu mmoja mwenye shamba huko Molo, na huko ndiko alikojifunza kuoka. Mzungu alipouza shamba akaenda zake, mama alibaki na ujuzi wake tu. Alitengeneza oveni kwa debe la mafuta: debe limelazwa juu ya jiko la makaa, mlango wa bati, na makaa mengine juu. Kila Jumamosi alioka. Baba alikula skonzi nne kwa chai kabla ya kuvua buti.

Daktari alimkataza karibu kila kitu alichokijua. Ugali usizidi ngumi, viazi aache, chai bila sukari, mkate na skonzi asahau. Baba alirudi akakaa kwenye stuli mlangoni na karatasi ya daktari mkononi.

"Nimekatazwa kuwa mtu," alisema.

Alijaribu. Alikula sukuma wiki na mayai na nyama tulipoweza kuipata. Mabega yakapungua, koti la kazi likaanza kumning'inia. Mama aliacha kuoka ili harufu isimtese, na Jumamosi zikawa siku mbaya kuliko zote, kwa sababu hakuna aliyejua tufanye nini saa kumi ikifika. Kisha siku moja, akimfulia koti, mama alikuta chembe za mandazi na sukari mfukoni. Hakumwuliza. Alinionyesha tu mkono wake, chembe zimeshikamana kwenye kiganja, akaenda kuzikung'uta nje.

Mjini kulikuwa na duka la Mhindi ambako tulinunua unga. Mwenye duka alikuwa mzee aliyekaa siku nzima nyuma ya kaunta, miguu yake imewekwa juu ya gunia, imefungwa vitambaa. Mkewe ndiye aliyeuza. Siku hiyo mama aliomba unga nusu ya kawaida, na yule mama akamwuliza kwa nini. Mama akamwambia. Yule mama aligeuka akamtazama mumewe, kisha akamfungulia mama mlango wa ndani. "Kuja," alisema. "Mimi naonyesha."

Nilikuwepo. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuingia jikoni mwa Wahindi. Aliukanda unga wa ngano kwa maji mpaka ukawa donge gumu, akaliacha kidogo, kisha akalitia ndani ya karai la maji na kuanza kulikamua kama nguo. Maji yakawa meupe kama maziwa. Akayamwaga, akatia mengine.

"Hii nyeupe ndiyo mbaya," alisema. "Hii ndiyo nakuwa sukari kwa tumbo. Wewe osha, osha, mpaka maji nakuwa safi."

Aliosha karibu saa nzima. Lile donge lilipungua mpaka likawa kitu kidogo cha rangi ya kijivu, kinachovutika kama mpira. Hicho, alisema, ndicho cha kuoka. Unakikatakata, unakichanganya na karanga zilizosagwa, pumba kidogo za ngano, mayai, hamira na iliki. Badala ya sukari alimpa mama kichupa cha sakarini, vidonge vidogo vyeupe vya duka la dawa.

"Mzee ameula miaka mingapi?" mama aliuliza.

"Miaka sita," yule mama alijibu. Hakusema kama ulimsaidia.

Mkate wa kwanza wa mama ulikuwa kama kisigino cha kiatu. Wa pili ulifura vizuri ndani ya debe, tukafurahi, lakini alipoutoa ulijikunja mbele ya macho yetu. Wa tatu ulikuwa mchungu kwa sababu sakarini ilizidi. Wiki baada ya wiki alijaribu. Alijifunza kuuchana ule mpira vipande vidogo kabisa ili karanga ziingie, na kuuacha uumuke muda mrefu karibu na jiko. Vidonge aliviyeyusha kwenye maziwa, akaupaka mkate kwa juu ukishatoka, ukiwa bado moto. Maji meupe hakuyamwaga yote. Aliyaacha yatulie, akatumia ule wanga kupigia pasi kola zetu za shule.

Mwishowe akapata mkate wa rangi ya kahawia, wenye matundu makubwa, unaonukia iliki. Baba alitafuna kwa muda mrefu. Sisi watoto watatu tulisimama tukimtazama.

"Unatafunika," alisema. Akachukua kipande cha pili. Mama aligeuka akajifanya anatafuta kitu kabatini.

Kwa miaka miwili hivi nyumba yetu ilikaa namna hiyo. Mara mbili kwa wiki mama aliosha mkate. Kila asubuhi kulikuwa na kazi nyingine, ambayo ilikuwa yangu. Hospitali ilikuwa imempa baba mrija wa kioo na chupa ya dawa ya buluu. Nilitia dawa kwenye mrija, nikaongeza matone manane ya mkojo wake, nikauchemsha juu ya jiko. Ikibaki buluu, hakuna sukari. Ikiwa kijani, kidogo. Ikienda njano, kisha nyekundu kama tofali, hali ni mbaya. Nilisema rangi kwa sauti, naye akaandika kwenye daftari. Nilisema mimi kwa sababu macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Kazini walimwondoa kwenye kuchomelea wakamweka stoo, ahesabu nati.

Nilikuwa kidato cha pili bibi yangu, mamake mama, alipofariki huko Magharibi. Mama alichukua wadogo zangu wawili wakapanda treni. Mimi nilibaki kwa sababu ya mitihani, na kwa sababu mtu alihitajika kumtunza baba. Mama alisema angekaa wiki moja. Alikaa tatu.

"Usiache kuosha," aliniambia akifunga mzigo. "Hata ukichoka."

Mkate wa kwanza niliuosha vizuri. Siku ya mkate wa pili mfereji wa landi ulikauka. Wanawake walipanga ndoo tangu alfajiri, na mimi nilipata ndoo moja tu. Kuosha donge kulihitaji nne au tano. Ndoo moja ilikuwa ya kupikia, kunywa na kuoga. Nilikuwa na mtihani wa hesabu kesho yake. Nilikaa nikalitazama donge kwenye karai, kisha nikalikanda tu hivyo hivyo, bila kuosha, nikatia mayai na hamira na iliki. Karanga hazikutosha. Na kwa kuwa sikutaka uchungu wa vidonge, nikatia vijiko vitatu vya sukari. Nilijiambia ni siku moja.

Ulitoka mzuri. Ulifura, ukakaa, juu ukawa unang'aa. Baba alipoingia kutoka kazini alisimama mlangoni kwanza, akavuta pumzi. Alikula kipande, akala cha pili, akaegemea ukuta akafumba macho.

"Mama," aliniambia, "leo umeoka."

Sikuwahi kusifiwa hivyo maishani mwangu. Asubuhi nilichemsha mrija na dawa ikawa ya rangi ya chungwa. Baba alikuwa na penseli mkononi, anangoja.

"Kijani," nilisema.

Akaandika.

Maji yalirudi siku ya tatu. Mimi sikurudi kuosha. Ningeweza kusema ni mitihani, lakini mitihani iliisha na bado niliendelea. Nilitaka kuona uso ule tena. Nilioka mara nne au tano namna hiyo, na kila asubuhi rangi ilikuwa nyekundu kama tofali, na kila asubuhi nilisema kijani, au kijani hafifu, nikaumwaga mrija haraka na kuusuuza. Alianza kunywa maji mengi tena. Alilala akitoka kazini bila kuvua buti, na mimi nilimwacha alale, nikidhani ni uchovu.

Mama aliporudi ndiye aliyemvua buti. Nilinusa harufu ya kuoza kabla sijaona kitu. Kidole gumba cha mguu wa kulia kilikuwa cheusi, na weusi ulikuwa umeanza kupanda. Baba mwenyewe alikitazama kama kidole cha mtu mwingine.

"Hakiniumi," alisema.

Walimkata mguu chini ya goti, na baada ya wiki mbili wakakata juu ya goti. Nilikuwa nikienda kumwona baada ya shule, nikiwa na yunifomu. Siku moja tulikuwa wawili tu, mama ameenda kuongea na nesi. Nilikuwa nimejipanga kusema. Nilikuwa nimerudia maneno njia nzima.

"Baba, ule mkate," nilianza.

"Nilijua," alisema.

Nikashika ukingo wa kitanda.

"Nimekula skonzi tangu nikiwa kijana. Unadhani ningeshindwa kuujua mkate wa unga?" Alikuwa akitazama dari, maana macho hayakuona mengi tena. "Na ile rangi nayo nilijua. Ulikuwa unachelewa kusema."

"Kwa nini hukunikataza?"

"Nilichoka, mama," alisema. "Mamako usimwambie. Atakuchukia wewe, kisha atanichukia mimi, na ana kazi nyingi."

Alifariki mvua za masika zilipoanza. Tulimpeleka kwao kwa gari la kukodi, na watu wa reli walikuja na koti lake la kazi lililokuwa limebaki stoo. Mama aliliweka kando ya jeneza, kisha akabadilisha mawazo akampa shemeji yake, kwa sababu lilikuwa bado zima.

Landi ni za mfanyakazi, na mfanyakazi alikuwa hayupo. Tulipewa mwezi mmoja tuhame. Mama alikwenda Kuresoi, kwa kaka yake aliyekuwa amekodi shamba la viazi, na mimi nikamaliza shule nikiishi kwa watu. Oveni ya debe ilibaki Nakuru. Nilimsikia mara nyingi mama akijilaumu mbele ya wageni: kwamba karanga zile huenda zilikuwa mbovu, kwamba mkate wenyewe haukuwa dawa bali ujinga wake wa kutaka kumfurahisha. Kila akisema hivyo nilitoka nje.

Nilinyamaza miaka saba au minane. Miaka ya sabini ilikuwa karibu kwisha, nami nilikuwa mwalimu tayari, siku nilipomwambia. Tulikuwa tunapanda viazi, yeye anachimba, mimi naweka mbegu. Kulikuwa na ukungu na baridi ya huko, ile inayogandisha vidole. Nilimwambia yote: maji, unga, sukari, rangi. Nikamwambia pia kwamba baba alijua. Hakuacha kuchimba mpaka nilipomaliza. Kisha akasimama, akaegemea jembe.

"Kidonda kilikuwepo kabla sijasafiri," alisema.

Sikumwelewa.

"Kilikuwa kidogo kama punje ya mahindi. Buti ilikuwa imemchubua. Nilikiona nikimwosha miguu, siku telegramu ilipokuja. Nilijua nikisema lazima nibaki nimpeleke hospitali, na mama yangu azikwe bila mimi." Alipangusa pua kwa nyuma ya mkono. "Nikamvisha soksi."

Nilitaka kumshika, lakini mikono yangu ilikuwa imejaa udongo na yeye hakuwa mtu wa kushikwa. Mjomba alipita upande wa juu na gunia begani, akatuuliza kama mbegu zitatosha, na mama akamjibu kwamba zitatosha. Akainama tena akaendelea na mtaro. Hatukulizungumza jambo lile tena mpaka naye alipofariki, na wadogo zangu, waliobaki wakiamini kilichomwua baba ni ugonjwa tu, sijawaambia.