Tangazo Lililosomwa Mara Moja

Wenzangu wa Santa Rufina wakisimulia historia ya redio yetu, huanza na mnara na padri aliyeubariki. Upuuzi mtupu. Redio ile ilikuwa Herminda Chocué, muuza mikate ya mahindi, aliyeajiriwa kwa sababu sauti yake ilivuka soko zima.

Saa sita mchana alisoma matangazo ya watu wa milimani, ambako simu haikufika: mkeo amejifungua, lete nyumbu darajani. Kila moja alilisoma mara mbili. Mwenye tangazo akighairi, alikimbilia studio kabla ya mara ya pili, naye Herminda akaninyooshea kiganja, mimi fundi mitambo wake, niweke muziki. Milimani walijua: lililosomwa mara moja limefutwa, usitoke nyumbani.

Mwezi Machi alisoma la kumwita kaka yake Delio, ashuke mjini Jumanne na mkewe. Mara mbili. Wenye bunduki waliokuwa wakimwinda nao walikuwa na redio. Walimngoja darajani wakamkatakata kwa mapanga. Tulimtambua kwa viatu. Mkewe, Aurelina, alijitupa mtoni akapona, akarudi milimani, lakini alikuwa ameziona nyuso zao.

“Mimi ndiye niliyewaelekeza, Evelio,” Herminda aliniambia.

Wiki ya tatu baada ya mauaji hayo kamanda wao, Zarco, mtu wa kuja, aliingia studio na wanaume wawili. Mmoja alinipiga kitako cha bunduki. Sikio hili halijasikia tangu siku hiyo. Zarco akaweka karatasi mezani: Aurelina ashuke darajani kesho asubuhi, achukue nguo za marehemu.

“Soma, mama.”

“Si usome mwenyewe? Au shule ilikushinda?”

Akampiga mdomoni kwa kitako cha bastola. Meno mawili yakaanguka juu ya karatasi. Herminda akayapangusa kando, akasoma polepole, neno kwa neno, kisha akaninyooshea kiganja. Nikaweka muziki.

“Umeona? Kazi rahisi tu,” Zarco akasema, wakaondoka.

Nilimsihi akimbie.

“Nikikimbia, watakukalisha wewe hapa. Na wewe mwenzangu huna meno ya kupoteza.” Alicheka, damu ikimchuruzika kidevuni. Namchukia kwa kicheko kile, na sijapata kumpenda mtu kama yeye.

Kesho yake walingoja darajani hadi jua likazama. Aurelina alikuwa ameshavuka mlima na watoto. Mtu wa hapahapa mjini, Mungu amlaani, akawaeleza maana ya kiganja. Asubuhi iliyofuata walimburuta Herminda kwa nywele hadi sokoni, wakamvunja vidole vya mkono ule kimoja kimoja, kisha wakampiga risasi ya mdomo.

Saa sita mchana nilikaa kwenye kiti chake, nikasoma tangazo la kifo chake. Nilipotaka kulirudia, nilifika kwenye jina lake nikashindwa kulitaja tena. Nikaweka muziki.

Tulimzika watu saba. Kutoka milimani hakuja hata mmoja. Mpaka leo Aurelina huandika barua kutoka ng'ambo: “Msalimie wifi Herminda, mwambie watoto wamekua.” Ninazo kumi na moja. Sijajibu hata moja.