Mistari ya Kichwa cha Dada

Dada yangu alianza kusikia sauti mwaka aliomaliza darasa la saba. Tulikuwa tukichuma kahawa kwetu Chonyonyo, ukungu bado umelala bondeni, akasimama ghafla na kikapu mkononi kama mtu aliyeitwa. Nikamuuliza kuna nini. Akasema watu wawili migombani wanabishana juu yake, na mmoja anamjua vizuri mno.

Mama alimwombea. Shangazi akaleta mganga, akamfukiza majani. Sauti hazikuondoka, na dada akaanza kukataa chakula, akisema kinamsikiliza. Mwishowe baba akatuchukua kwa basi, kisha kwa meli, hadi hospitali kubwa ng'ambo ya ziwa. Mimi nilienda kwa kuwa dada hakukubali kushikwa mkono na mtu mwingine.

Wauguzi walimpaka kichwani kitu kizito kama uji, wakambandika nyaya nyingi. Mashine ikachora mistari kwenye karatasi ndefu iliyoshuka taratibu hadi sakafuni. Ilipanda na kushuka kama vilima vya kwetu vikitazamwa kwa mbali. Niliitazama mpaka nikahisi chumba kizima kinaelea.

Baba akauliza kama sauti zenyewe zimo humo. Daktari, mama wa makamo, akasema hapana. Walitaka kuhakikisha si kifafa. Akatueleza kwamba sehemu za ubongo huitikiana, na wapo wataalamu wanaodhani kuwa kwa wagonjwa kama dada haziitikiani vizuri. Huenda ndiyo maana wazo la mtu mwenyewe humjia kama neno la mgeni.

Dada akauliza, "Kwa hiyo wale ni mimi?"

"Nadhani ni wewe, mwanangu."

Alilia bila sauti. Nilidhani ni nafuu, lakini tukiwa melini, maji yamemezwa na ukungu, aliniambia ameingiwa na upweke, kwa kuwa kumbe migombani hakukuwa na mtu.

Tulianza kwenda kituo cha afya cha Bugene kila mwezi kwa miguu, achomwe sindano ya dawa. Mikono ilimtetemeka, usingizi ukawa mwingi, ila akala. Sauti zilififia, ingawa hazikwisha. Siku nyingine aliacha kulima, akainamisha kichwa kuzisikiliza, nami nikaendelea na jembe kando yake hadi aliporudi.

Kufikia miaka ya tisini alikuwa na shamba lake. Majirani waliowahi kuwakataza watoto kupita kwetu walikuja kumwomba machipukizi ya migomba. Aliwachagulia yaliyo bora, moja moja, bila haraka.