Wifi Yangu na Pampu Mbili

Pumu yangu ilianza nikiwa mtoto kule Nyololo, ambako baridi ya asubuhi hukukamata kifua kabla hujafunga vifungo vya sweta. Nilikua nayo, nikaolewa nayo, na nilipohamia Uyole kufanya biashara ya viazi nilihamia nayo. Kwa muda mrefu dawa yangu ilikuwa pampu ya bluu, ile ya kuvuta kifua kikibana. Hospitali walinipa na ya kahawia, ya kuvuta kila siku, lakini hiyo ukiivuta husikii chochote. Nikaona haina kazi, ikawa inakaa kabatini.

Ninayetaka kusimulia habari zake hapa ni wifi yangu, dada wa mume wangu. Anaishi pembezoni mwa mji wa Iringa, analima mahindi na alizeti, na sauti yake huisikia mtu wa bonde la pili. Miaka ya mwanzo hatukuwa karibu sana. Hakuipenda pampu yangu. “Hiyo kitu ukiizoea, wifi, mapafu yatakuwa mavivu,” alikuwa ananiambia. Mimi nilikuwa nacheka tu, nabadilisha mazungumzo.

Binti yake wa mwisho alipokaribia kipaimara, nilipanda basi nikaenda kusaidia. Nilifika mgongo umekaza kwa kukaa njia nzima. Kesho yake, Jumamosi, akina mama wa jirani walijaa uani, huyu anamenya vitunguu, yule anakatakata nyama. Mmoja aliniona ninavyojishika kiuno, akanionea huruma, akanipa vidonge viwili vya maumivu alivyokuwa akitumia yeye mwenyewe. Nilivimeza na chai jikoni mbele ya wifi, karatasi yake nikaiacha mezani, nikashukuru, nikarudi kuchambua mchele.

Haikupita muda, kifua kikaanza kubana. Nilidhani ni moshi wa kuni, nikasogea mbali. Kikazidi. Nikatoa pampu ya bluu, nikaipuliza harakaharaka, lakini dawa yote niliisikia ikiishia kwenye ulimi. Nilitaka kusema “wifi”, neno likakatika katikati.

Aliacha sufuria jikoni akaja mbio. Wenzake walikuwa wamenizunguka, wengine wanataka nilazwe kwenye mkeka. “Msimlaze! Tokeni hapo, mnamzibia hewa!” Akanikalisha wima kwenye kiti, akanilegezea kitenge kiunoni, akanishika mabega. “Nitazame mimi. Usiwatazame hao. Vuta hiyo dawa yako tena, polepole.” Akaishika pampu yeye mwenyewe, ile ile aliyokuwa haitaki, akanisogezea mdomoni. Nilipata nafuu kidogo, kisha ikaondoka. Hapo akamwita jirani mwenye pikapu.

Nimeshapandishwa kwenye gari, nikamwona wifi anageuka, anakimbilia tena ndani. Nilikasirika, nisiwafiche. Nilijiambia, mimi nakufa, yeye anafuata kanga! Akarudi amefumba kiganja, akaruka ndani, tukaondoka.

Hospitalini alitupokea daktari, dada wa makamo, mpole wa sauti. “Amemeza nini leo?” aliuliza. Mimi kusema siwezi. Wifi akafumbua kiganja: karatasi ya vile vidonge. “Hivi, daktari. Viwili, na chai. Jirani alimpa, mgongo ulikuwa unamuuma.”

Daktari aliisoma, akatikisa kichwa, akamwambia nesi la kufanya. Nikavalishwa kinyago cha dawa ya mvuke, nikawekewa oksijeni, nikachomwa sindano. Kifua kikaanza kuachia taratibu. Pumzi ya kwanza iliyofika mpaka chini bado naikumbuka ilivyokuwa tamu.

Nilipoweza kuzungumza, daktari aliketi kando ya kitanda. “Mama, si kila mwenye pumu anadhurika na dawa hizi, ila mwili wako umezikataa. Usizimeze tena. Na kila ukienda duka la dawa, sema kwanza kwamba una pumu, hata kama umefuata dawa ya mafua.”

Wifi akadakia, “Na hiyo pampu, daktari, haimlemazi?”

“Haimlemazi. Ya bluu inafungua njia ikishabana. Ya kahawia inatuliza uvimbe wa ndani usioonekana, ndiyo maana ukiivuta husikii kitu. Akiona anaikimbilia ya bluu mara kwa mara, arudi hospitali, maana pumu haijatulia.”

Kisha akaniomba nimwonyeshe ninavyovuta. Akacheka kwa upole, akanifundisha upya: tikisa, toa pumzi, ibane pampu kwa midomo, bonyeza ukivuta polepole, halafu izuie pumzi kidogo. Ukimaliza ya kahawia, sukutua mdomo uteme. Wifi alikuwa anayarudia maneno hayo kwa midomo bila sauti, kama anayejifunza wimbo wa kwaya.

Nililazwa. Jumapili asubuhi nilimsihi aende kanisani, kwa kuwa kipaimara cha mtoto hakiji mara mbili. Alikwenda. Ibada ilipomalizika nikaona mlango wa wodi unafunguka: wifi, na binti yake katika gauni jeupe, na hotipoti ya pilau.

“Na wageni?” nikamuuliza.

“Wageni wana mikono, watapakua wenyewe.”

Binti akainama akanisalimu, “Shikamoo, anti.” Nikamkumbatia, marahaba ikakatika katikati. Safari hii haikuwa pumu, yalikuwa machozi.

Tangu hapo naivuta ya kahawia kila siku, hata nikiwa mzima, na msimu wa baridi uliopita sikukesha nimekaa nikitafuta pumzi. Ya bluu haibanduki kwenye mkoba wangu, ingawa siku hizi siigusi mara nyingi. Mungu ambariki daktari yule, ambariki na jirani wa pikapu. Wifi namwombea kila siku.

Mwaka huu alikuja Uyole wakati wa kuvuna viazi. Tulipanda mlima kwenda shambani tukipiga soga, mimi mbele. Nusu ya njia nikasikia ile sauti kubwa inaniita, safari hii imepungua nguvu: “Wifi, nisubiri bwana, nipumue kidogo!” Tulicheka mpaka tukakaa chini kwenye majani, sote wawili.